Mtungi Uliokaa Katikati

Sababu iliyonipandisha mtumbwini ni moja tu, na kwa nyingine yoyote nisingepanda hata mngenifunga kamba: mume wangu alikuwa anakufa mahali pasipofikika kwa miguu.

Mimi ni mtu wa Ndandalo, mtu wa migomba na matope. Maji ninayoyaamini ni yale yaliyo ndani ya chungu. Lakini Lusekelo, mume wangu, alikuwa amekwenda kufanya kazi kwenye boma la Wadachi, ambalo miaka ile lilikuwa bado ukingoni mwa ziwa, chini ya milima, mbele kabisa ya kijiji cha Ikombe. Huko milima haina adabu, inashuka moja kwa moja mpaka majini bila kuacha hata pa kukanyaga. Siku moja akawa anapasua magogo, shoka likamteleza likaingia mguuni, na mguu ukavimba mpaka kwenye paja. Habari tuliletewa na mwanamke wa Kikisi aliyekuja kwetu kubadilisha vyungu kwa mahindi.

"Chakula cha watu hataki," aliniambia huku anatua mzigo wake. "Analitaja jina lako tu. Mkichelewa mtaletewa habari, hamtaletewa mtu."

Nikalia mpaka sauti ikakauka. Kisha nikauliza nani atanipeleka, kila mtu akaangalia chini. Vijana wote walikuwa wanaogopa, na siwalaumu, maana mwenye mabega akionekana karibu na boma alikuwa anatwishwa mzigo na kupelekwa asikokujua. Akabaki mtu mmoja tu, mzee asiyefaa kubebeshwa kitu, ambaye ujanani alipiga kafi pwani ile yote akipeleka ndizi na kurudi na vyungu. Huyo alikuwa baba mkwe wangu. Akasema atanipeleka yeye.

Hapo ndipo palipokuwa na mtihani. Kwetu Wanyakyusa mke hamtazami baba wa mumewe. Hasemi naye, halitaji jina lake, na akimsikia anakuja njiani anaingia kwenye migomba mpaka apite. Mimi tangu niolewe nilikijua kikohozi chake na mlio wa fimbo yake, uso wake sikuujua. Jina lake hata hapa sitaliandika, mnisamehe. Sasa nambieni, mtu wa namna hiyo unakaaje naye kwenye gogo moja lililochimbwa, jembamba kiasi kwamba magoti yanagusa kuta zote mbili?

Dawa ya jambo hilo ilikuwa Shangazi Sekela, dada yake mkwe wangu, mama mmoja mnene mwenye maneno mengi. Yeye angekaa katikati yetu.

Tuliondoka Ndandalo asubuhi, umande ukiwa bado majanini. Wao wawili walitangulia, mimi nikafuata mbali sana nyuma, nimejifunika shuka kichwani, nikiona visigino vya Shangazi tu pale njia iliponyooka. Nilibeba ndizi mbichi, unga, na kibuyu cha maziwa mgando ambayo Lusekelo anayapenda. Njia nzima nilikuwa naongea na mume wangu moyoni, nikimwambia asithubutu kufa kabla hajayanywa.

Mwaya, kwenye mdomo wa mto Mbaka, tulikuta mtumbwi umefungwa kwenye matete. Ule mto una mamba, na mtumbwi ulikuwa unatikisika kwa kuguswa tu. Shangazi alinipandisha kwanza, nikakaa mbele kabisa, kafi mapajani, uso kuelekea ziwani. Akaingia yeye, akajaza katikati yote. Nikasikia mtumbwi unazama kidogo upande wa nyuma, nikajua baba mkwe naye amekaa.

"Usigeuke," Shangazi akaninong'oneza.

"Nigeuke niende wapi, Shangazi? Hata kupumua naogopa."

Tukatoka mtoni, na ziwa likatushika. Sijui nieleze vipi. Nchi kavu ilibaki upande wa kushoto, mstari wa kijani tu, na upande wa kulia hapakuwa na kitu kabisa, ni maji mpaka yanapokutana na mbingu. Kila wimbi lilipokuja nilifumba macho na kuushika ukingo wa mtumbwi kwa mikono yote miwili, vidole vikaniuma.

Hata hivyo nilisikia namna walivyokuwa wakiongoza safari. Baba mkwe hakusema na mimi, alisema na dada yake, na dada yake akasema na mimi, ingawa sote tulikuwa tunasikiana vizuri. "Sekela, mwambie mke wa Lusekelo apige kafi upande wa kulia." Shangazi anageuza shingo: "Piga upande wa kulia." Mimi: "Mwambie nimesikia." Shangazi: "Amesikia." Ungetusikia ungecheka, mimi sikuwa na nafasi ya kucheka.

Na Shangazi alikuwa hanyamazi. Kila alichokiona alikitaja kwa sauti. Ndege weupe wale wameinuka kwenye matete. Ule mti mkubwa wa ufukweni sasa umesimama sawasawa chini ya kilele cha mlima. Maji yamebadilika rangi, yamekuwa mekundu. Nikasema moyoni, bibi huyu kiherehere chake kitatuzamisha. Kisha nikasikia mkono unachovywa majini kule nyuma, na sauti ya mkwe wangu ikasema taratibu, "Baridi. Huo ni mto Lufilyo, umetoka milimani. Tutoke nje kidogo, mbele kuna mchanga." Kweli, hatukukwama. Nikastaajabu kwamba mtu anaweza kuijua njia kwa kuonja maji na vidole.

Mchana tulifika Lyulilo. Siku hiyo ilikuwa siku ya soko, na ufuo mzima ulikuwa umejaa vyungu vilivyopangwa juu ya majani, samaki wakavu, na mitumbwi iliyopakiwa mpaka inakaribia kunywa maji. Nilishuka nikakaa mchangani na kuushika mchanga kama mtu aliyefika kwao. Lakini Shangazi Sekela alishuka akitapika. Alikuwa ametapika kimyakimya tangu Lufilyo, na sasa mwili ulikuwa unamchemka, hata kusimama hawezi.

Mwenyeji wetu alikuwa mwanamke mfinyanzi aliyemfahamu mkwe wangu tangu enzi za biashara yake. Alitupokea vizuri, akatusalimu "Mugonile" kwa Kinyakyusa ili tujisikie nyumbani, akatupa samaki wa kuchemsha, kila mtu upande wake wa nyumba. Nikamuuliza habari za boma.

"Mtumbwi ulitoka huko jana," akasema. "Mumeo yupo. Lakini hageuki tena mwenyewe kitandani."

Nikamwendea Shangazi pale alipolala nikamwambia tuondoke kesho asubuhi, hata kama nitambeba mgongoni.

"Mimi siendi mahali," akasema. "Nikipanda tena mtanitupa majini nikiwa maiti. Nendeni ninyi wawili."

"Mimi na yeye? Peke yetu? Shangazi, umerukwa na akili?"

Shangazi akamwita mfinyanzi, akamwomba mtungi, tena mkubwa, wa kumfikia mtu kiunoni akikaa. Akaufunga khanga yake mwenyewe begani pa mtungi. "Haya. Huyu ndiye mimi. Atakaa katikati. Kaka yangu atasema na mtungi, na wewe utasema na mtungi. Hamtakuwa mmesemeshana."

Mfinyanzi alicheka mpaka akafuta machozi, lakini Shangazi hakucheka. Alinivuta mkono, akanikazia macho. "Sikiliza, mwanangu. Mtungi ukikuuliza umeona nini, useme ulichokiona kwa macho yako. Usiitikie tu 'ee' ya heshima. Umenielewa?"

"Ee," nikasema.

Asubuhi tukaondoka Lyulilo, ziwa likiwa limetulia. Tulipita Ikombe, moshi wa vyungu vinavyochomwa ukipanda wima, na watoto wakatupungia. Baada ya hapo hapakuwa tena na watu. Mlima ulisimama juu yetu kushoto, mweusi, mrefu mpaka shingo inauma, na chini yake miamba tu. Nikaanza kuwaza: hapa mtumbwi ukipinduka, utashika nini? Hakuna ufuo. Utakwaruza jiwe kwa kucha mpaka uchoke, basi.

"Mtungi," sauti ya nyuma ikasema, "mwambie mke wa Lusekelo kwamba tutaona kwanza poromoko la udongo mwekundu. Kisha maporomoko ya maji, membamba. Kisha jiwe kubwa lililopasuka katikati. Tukishalipita hilo jiwe ndipo tunakata kushoto, tunaingia kwenye ghuba ya boma. Kabla ya jiwe pana uwazi mwingine unaofanana na ghuba. Huo ni wa uongo, una meno chini ya maji. Wengi wameishia humo."

"Mtungi, mwambie baba nimesikia," nikasema.

"Mtungi, muulize, ameliona poromoko?"

"Ndiyo, naliona."

"Muulize, liko usawa wa mtumbwi au bado liko mbele?"

Nikadhani ananifundisha, kama mwalimu anavyomuuliza mtoto jambo analolijua mwenyewe. Nikajibu liko usawa. Baadaye kidogo akauliza maporomoko ya maji. Nikajibu nimeyaona, yananing'inia kama uzi. Sauti ya maji hayo hata mimi nilikuwa naisikia.

Ndipo kungu walipokuja. Asiyewajua nimweleze: ni wadudu wadogo kuliko mbu, wanaoinuka kutoka ziwani kwa wingi wao wote, na kwa mbali unaweza kuapa ni moshi wa msitu unaoungua. Wenzetu wa ukingoni mwa ziwa huwakusanya wakawafinyanga mikate na kula. Mimi siku ile ndio walikaribia kunila. Wingu lile lilituangukia mara moja. Waliingia puani, masikioni, mdomoni. Nilijifunika shuka uso mzima, nikainama, nikawa nakohoa na kulia kwa pamoja. Na upepo wa kusini nao ukaanza, mawimbi yakawa yanatupiga ubavuni.

"Mtungi! Muulize, tumelipita jiwe lililopasuka?"

Sikuwa nimeona kitu. Lakini mimi nimelelewa, jamani. Mkwe akiuliza, mke anaitikia. Tangu nilipofundwa sikupata kufunguliwa mlango wa neno "hapana", wala "sijui", mbele ya mzee yule. Ulimi wangu ukajibu wenyewe kabla akili haijafika.

"Ee," nikasema chini ya shuka.

Nikasikia kafi linazamishwa kwa nguvu nyuma, mtumbwi ukakata kushoto.

Kisha ukagonga. Mlio ule nausikia mpaka leo nikiwa peke yangu. Mtumbwi uliinuka mbele, mimi nikatupwa kifudifudi, na nyuma yangu mtungi ukaanguka na kupasuka vipande. Maji yakaingia. Shuka lilinitoka kichwani likaenda na wimbi. Katikati ya kungu nikaona miamba pande zote, myeusi, inatokeza na kuzama, inatokeza na kuzama, kama kiboko anayecheza. Tulikuwa ndani ya ule uwazi wa uongo.

"Muulize jiwe liko wapi!" mkwe wangu akapiga kelele. "Mtungi! Muulize!"

Mtungi ulikuwa vigae. Nikangoja aelekeze mtumbwi, maana mwamba mkubwa ulikuwa wazi kabisa mbele yetu, hata kungu walikuwa wamepungua pale. Hakuelekeza. Alikuwa anatupeleka juu yake moja kwa moja. Nikasema, mzee huyu haoni? Na neno hilo lilipopita kichwani mwangu nikageuka.

Ndiyo. Niligeuka nikamtazama baba wa mume wangu usoni, uso kwa uso, mchana kweupe. Alikuwa na uso wa Lusekelo, uliozeeka tu. Na macho yake yote mawili yalikuwa meupe, kama maziwa yaliyomwagwa humo. Alikuwa ameinua kidevu, ameelekeza sikio, analisikiliza ziwa.

Hapo nikaelewa yote kwa mara moja. Nikaelewa kwa nini Shangazi alikuwa hanyamazi. Nikaelewa kwamba hakuna aliyekuwa ananifundisha. Mtu aliyekuwa anaijua njia hakuwa anaiona, na mimi niliyekuwa naiona sikuijua, na kati yetu palikuwa na chungu.

"Baba!" nikapiga ukelele. "Jiwe mbele! Kulia, baba, kulia!"

Akashtuka kwa sauti yangu kuliko alivyoshtuka kwa mwamba. Nusu ya pumzi tu. Kisha mikono yake ikafanya kazi, mtumbwi ukapita mwamba kwa upana wa kiganja.

"Sema," akaniambia. Aliniambia mimi. "Sema unachoona, mwanangu. Usikiache hata kimoja."

Nikasema. Nilisema kama mwendawazimu, huku nateka maji kwa kigae kikubwa cha mtungi na kuyamwaga nje. Meno mawili kushoto, baba. Povu mbele. Hapo kulia pana maji meusi, sioni jiwe. "Meusi ndiyo yenye kina," akasema, "nipeleke humo." Nikampeleka. Pale niliposhindwa kuona nilisema "sioni", na kila niliposema "sioni" aliacha kupiga kafi, akatuacha tuelee mpaka nione. Nilikuwa nimejikojolea kwa hofu, na siwafichi. Siku zote nilidhani hofu inaziba mdomo, mimi yangu iliufungua.

Tulitoka. Kungu walipopita mbali ziwani, nililiona jiwe lililopasuka, kubwa kama nyumba ya chifu, likiwa bado mbele yetu. "Baba, bado hatujalipita," nikasema. "Sasa ndio tunalifikia."

"Ndaga," akasema. "Ndaga fijo." Hiyo kwetu ni asante sana, na mzee hamwambii mke wa mwanawe. Tulipolipita jiwe nikamwambia, akakata kushoto, tukaingia ghubani.

Bomani nilimkuta Lusekelo kwenye kibanda cha majani, amelala juu ya mkeka, ngozi na mifupa, mguu unanuka. Alinitazama kama asiyeamini. Nikamwekea kibuyu mdomoni, na maziwa yalikuwa hayajamwagika, sijui kwa uwezo gani. Akameza. Nikamhesabia kila funda. Kidonda nilikisafisha, nikakifunga majani aliyonielekeza baba yake kutoka nje ya mlango, na siku usaha ulipotoka wote na homa kushuka, tulimlaza mtumbwini, katikati, pale palipokuwa na mtungi.

Wakati wa kurudi tulirudia adabu zetu. Mimi mbele, shuka jipya kichwani, sigeuki. "Lusekelo, muulize mkeo, tumefika wapi?" Na Lusekelo kwa sauti ndogo: "Baba anauliza tumefika wapi." Nami nikamjibu Lusekelo. Hofu yangu safari hii haikuwa ya miamba. Kila mara nilingoja sauti ile ya katikati, maana ndiyo iliyonijulisha kwamba yu hai, na kuna mahali kabla ya Ikombe ambapo baba aliuliza na sauti haikuja. Akauliza tena. Haikuja. Nilikaa nimekauka, macho kwenye maji, naogopa kugeuka, si kwa sababu ya mkwe. Halafu nikasikia mkoromo.

"Amelala tu, baba," nikasema mbele yangu, hewani. Nyuma yangu mzee akavuta pumzi ndefu kama anayetoka chini ya maji.

Lyulilo tulimkuta Shangazi amepona na maneno yake yote. Alipouliza mtungi uko wapi, kaka yake akamjibu, "Ulitusaidia kuteka maji." Ndandalo nikakaa ndani nikingoja kuitwa na wazee, maana nilikuwa nimemtazama mkwe na kumpigia kelele, na kosa hilo lina fidia yake. Sikuitwa. Siku ya soko lililofuata akaja yule mwanamke wa Kikisi, akatua mtungi mpya mlangoni kwa baba mkwe. Shangazi akaja kunieleza. Baba amesema mtungi utakaa pale kizingitini, na mke wa Lusekelo akipenda, asubuhi aje auambie anachokiona.

Nilikwenda kila asubuhi. Nilisimama nimeupa mlango mgongo, nikauambia mtungi migomba ipi imetoa, mlima umejifunika wapi, nani kapita na ng'ombe wangapi, mjukuu wake wa kwanza ana meno mangapi. Kama sikuona, nilisema sikuona. Lusekelo alikuwa anachechemea uani akinicheka, kwamba mkewe amekuwa rafiki wa chungu. Na maji ninayaogopa mpaka leo, nisiwadanganye kwamba safari iliniponya.

Asubuhi ya mwisho wake mzee nilimsikia hana nguvu, pumzi inakuja na kupotea. Nikasimama mahali pangu. Sauti ikatoka ndani, ndogo.

"Mtungi. Muulize mwanangu. Tumelipita jiwe lililopasuka?"

Miaka yote ile sikupata kumwambia kitu ambacho sikukiona. Nikautazama mlima, nikautazama uwanja mtupu.

"Ee, baba," nikasema. "Tumelipita. Kata kushoto, maji ni meusi."